Taa ya Manjano Isipuuzwe

Juma hili tuizungumzie taa moja ndogo ambayo wengi wetu huiona na kuipita.

Jamaa yangu ni muuguzi katika zahanati moja ya pwani ya Kilwa. Usiku mmoja wa masika alikuwa akimhudumia mtoto mchanga aliyepumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Mashine hiyo ilichomekwa kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme pindi ule wa ukutani unapokatika. Mwenzake, akihitaji maji ya moto, akachomeka birika la umeme papo hapo. Kifaa kikalia, taa ya manjano ikawaka, na mashine ikaendelea kunguruma. Hakuna aliyeshituka. Kabla maji hayajachemka umeme ukakatika, na oksijeni ikakatika nao. Mtoto aliokolewa na mtungi wa akiba, pamoja na wepesi wa mikono ya muuguzi.

Betri si ilikuwepo? Ilikuwepo, tena imejaa. Lakini umeme ulikuwa umekwisha kuhamia njia nyingine.

Sisi wa pwani hii twalijua neno mchepuo. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam wilayani Kilwa, ilibidi zitengenezwe njia za muda. Njia ya muda hupitisha gari, lakini haina uimara wa daraja.

Ndivyo ilivyo UPS ya aina ile. Katika njia yake kuu, umeme wa ukutani wa volti 230 hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, kisha hugeuzwa tena kuwa mkondo geu uliotulia, huku betri ikikaa tayari. Njia ya pili ni mchepuo, ambao mafundi huuita baipasi. Hapo umeme wa ukutani huenda moja kwa moja kwenye chombo, pamoja na misukosuko yake yote, na betri isitegemewe tena.

Mtambo huchepuka wenyewe mzigo unapozidi, joto linapopanda mno, au hitilafu inapotokea ndani. Fundi naye huuchepusha kwa makusudi anapoufanyia matengenezo. Si ubaya, kwani vyombo havizimiki. Ubaya ni sisi kudhani kwamba kinga ingalipo. UPS ile ilimudu wati 1,800. Mashine ya oksijeni ilitumia 350, na birika peke yake 2,000.

Basi tufanyeje? Birika, pasi na jiko la umeme visichomekwe kamwe kwenye UPS. Kifaa kiwekwe penye hewa, na matundu ya feni yafutwe vumbi, maana hewa yetu ya chumvi nayo hula vyuma. Kila mtumiaji asome kitabu cha mtambo wake ajue taa ipi ni ya baipasi, kwa sababu rangi hutofautiana. Taa hiyo ikiwaka, punguza mzigo. Isipozimika, mwite fundi siku hiyo hiyo. Penye mgonjwa, mtungi wa akiba uwe karibu daima.

Mngurumo wa mashine hauthibitishi kinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.