Twanunua au Twapanga?



Kijana wako amejipatia kompyuta, naye ataka kupiga picha za harusi na za Kipaimara apate riziki. Leo au kesho atakujia akuombe fedha za programu ya kurekebishia picha. Kabla hujauza mbuzi, muulize neno moja: programu hiyo twainunua, au twaipanga kama chumba?

Zamani swali hilo halikuwapo. Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990. Ulilipa mara moja, ikawa yako kama jembe. Lakini mwezi wa Mei 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa malipo ya mwezi au ya mwaka tu. Ukiacha kulipa, imefungwa. Sisemi kwamba yote ni hila. Toleo la mwaka 2012 liliuzwa karibu dola 700, na ni nani kati yetu angeziweka mezani kwa siku moja? Tena mpangaji hupata matoleo mapya bila kuongeza kitu.

Lakini kahawa yetu huuzwa kwa msimu, na kodi haingoji mavuno. Mimi nimeyaonja. Tulipoadhimisha jubilei za ndoa hapa parokiani, nilipiga picha za wazee na kuanza kuzirekebisha kwa programu ya kupanga. Siku ya malipo ikafika, fedha katika simu hazikutosha, programu ikagoma. Picha nilikuwa nimezihifadhi kwa namna ambayo programu nyingine hazikuifungua vizuri. Bibi mmoja alikuja ofisini mara tatu kuulizia picha yake na mumewe. Mara ya nne hakuja. Mzee alikuwa amefariki. Picha nilimpelekea baada ya matanga.

Masharti nayo yasomwe yote. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe, ikidai kwamba iliwaficha wateja faini ya kujitoa kabla mwaka haujaisha, yaani nusu ya malipo yaliyobaki. Kumbe waweza kulipa kwa mwezi, na mkataba ni wa mwaka!

Hata neno “lipa mara moja” lichunguzwe. Photoshop Elements ya 2025 hulipiwa mara moja, lakini hutumika miaka 3 tu.

Kwa anayeanza, mimi ningesema achukue GIMP. Ni ya bure, ilitolewa kwa watu tangu mwaka 1996, na ikishawekwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Yataka uvumilivu kuizoea, sikufichi. Akipata wateja wa kutosha kulipia miezi yote, hata ile ya kiangazi, ndipo apange akitaka.

Na kila picha iliyokwisha, siku hiyohiyo ahifadhi nakala yake ya JPEG, ifunguke katika kompyuta yoyote.