Vipele vya ulimi visifichwe

Juma lililopita jirani yangu hapa mtaani Kware alinitangulia kwenye foleni ya duka la dawa, mdomo kaufunika kwa leso. Ulimi ulikuwa umemtoka vipele na hata chai ilikuwa haipiti. Muuzaji hakumwambia autoe ulimi autazame. Alimkatia tembe nne za rangi mbili, akapokea pesa, akamwita mteja mwingine.

Kwa maoni yangu, hayo si matibabu. Sheria ya Kenya inataka antibiotiki ziuzwe kwa karatasi ya daktari, na si bure: hizo ni dawa za kuua bakteria, ilhali vipele vingi vya ulimi havisababishwi na bakteria. Zaidi ya hayo, tembe hizo zaweza kumzidishia mtu kuvu, ule utando mweupe wa mdomoni.

Basi ni nini kinachouumiza ulimi? Mara nyingi ni jambo dogo: chai ya moto, pilipili, kujiuma wakati wa kula au jino lenye ncha kali. Vipele vya aina hii hupona vyenyewe kwa siku chache. Vidonda vidogo vya mviringo huchukua wiki moja hadi mbili. Ulimi mwekundu, laini na wenye kuwasha huenda ukawa dalili ya upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, hasa kwa anayeshinda na chai na mkate. Huyo ahitaji kupimwa damu, na chakula chake kiongezwe maini, mayai, omena na maziwa. Na vile vinundu vikubwa vilivyojipanga nyuma kabisa ya ulimi usivisugue. Ni maumbile, kila mtu anavyo.

Nafuu haina gharama. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji vuguvugu, usukutue mara kadhaa kwa siku, kisha uteme. Epuka pilipili, ndimu, sigara na pombe. Tumia mswaki laini. Usiweke tembe ya aspirini juu ya kidonda, kwani huunguza nyama ya mdomo.

Lakini kuna hali zisizongoja. Kidonda au uvimbe uliopita wiki tatu bila kupona lazima utazamwe na daktari, hasa kwa mvutaji sigara au mnywaji pombe, kwa sababu saratani ya ulimi huanza hivyo hivyo, pengine bila maumivu. Mtoto mwenye homa na ulimi mwekundu wenye vipele apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Utando mweupe kwa mtu mzima wahitaji kuchunguzwa: huenda ni kisukari, huenda ni virusi vya Ukimwi.

Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Jirani yangu aliniambia baadaye kwamba alifunika mdomo ili watu wa ploti wasimseme. Woga huo ndio unaotufanya tupende dirisha la duka kuliko chumba cha daktari. Hata hivyo, kupima virusi vya Ukimwi katika vituo vya serikali ni bure na ni siri, na dawa zipo.

Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Msomaji, autoe ulimi huo mbele ya daktari, si mbele ya keshia.