Deiwaka Haugui

Wanamuziki wetu humwita mpigaji wa kukodiwa kwa siku "deiwaka". Kwa miaka mingi nilikuwa deiwaka wa dramu hapa Moshi: Jumamosi harusini Majengo, Jumapili Kiboriloni, na Krismasi Marangu, wakati Wachagga wanaporudi nyumbani na kila ukumbi unataka muziki. Siku mgongo uliponikatalia kuketi nyuma ya dramu, kiongozi wa bendi alinipa pole, kisha akamwita kijana mwingine. Jioni ile ile watu walicheza. Simlaumu kwa kutafuta mtu. Namlaumu kwa kudhani kwamba pole ni malipo.

Watu husema msanii huugua maskini kwa sababu ya ulevi na kutojua akiba. Nayakataa maneno hayo. Akiba ya nini, kwa ujira unaokwisha kwenye nauli ya kurudia nyumbani?

Dk. Remmy Ongala, ambaye albamu yake ilitolewa Uingereza na Real World mwaka 1989, alipatwa na kiharusi mwaka 2001, akafariki Desemba 2010. Yeye alikuwa na jina. Hata mtaani Sinza pana mahali panapoitwa kwa Remmy. Jina humletea mgonjwa wageni. Je, mpiga dramu ambaye hakuandikwa hata kwenye kasha la kaseti, atajuliwa hali na nani?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikumtaja mtunzi peke yake. Mpigaji naye anatambuliwa. Lakini sheria haina miguu, nasi hatujaisukuma.

Wazee wetu wa mlimani walituachia mfano. Mfongo unaoteremsha maji mashambani huzibuliwa na wote wanaoyatumia, na asiyetoka na jembe hutozwa faini. Hawangoji maji yakauke ndipo wachangishane. Sisi tunangoja mwenzetu alale kitandani ndipo tufanye onyesho la kumchangia, mara nyingi likageuka la rambirambi. Basi sehemu ya kila kiingilio itengwe kwa bima ya wapigaji wote, deiwaka akiwamo, kabla kiongozi hajagawa senti.

Kijana aliyechukua nafasi yangu huja kunisalimu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Bima umekata?" Hucheka. Nami nilicheka hivyo hivyo.