Tableti ya Zawadi, Kufuli la Zamani



Juzi hapa Wembley jirani yangu mmoja, bibi wa Kiunguja, alinijia na tableti mkononi, roho juu. "Mwalimu, nikifungua ukurasa wa ukaazi haufunguki. Ndo washanifuta hawa?" Nikamwambia, "Hujafutwa, Bi Mkubwa. Kilichozeeka ni kivinjari."

Kivinjari ni ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti. Cha kwanza alikitengeneza Tim Berners-Lee mwaka 1990, kule CERN, Uswisi. Mosaic ya 1993 ikawavuta watu kwa picha zake, kisha zikaja Netscape (1994), Internet Explorer (1995), Firefox (2004) na Chrome (2008). Wengi wetu wa Pwani tuliijua intaneti kwenye simu ndogo kwa Opera Mini, iliyokuwa ikizibana kurasa ili bando lisiishe haraka. Netscape leo haipo, na Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022.

Zamani kivinjari kilikuwa dirisha: unachungulia, unasoma, unaondoka. Leo ni mlango wa nyumba. Benki humo, tiketi humo, visa humo. Hapa Uingereza kadi nyingi za ukaazi ziliandikwa mwisho 31 Desemba 2024, na sasa mtu huthibitisha haki yake mtandaoni. Kivinjari cha zamani hakizijui kufuli mpya zinazolinda siri zetu, basi ukurasa unakataa kufunguka.

Tableti ile bibi kaletewa na mjukuu wake wa Maskati, baada ya yeye kununua mpya. Nia njema kabisa. Lakini hebu tuambizane ukweli: ukimpa mzee kifaa kisichopokea tena masasisho, umempa mlango wenye kufuli bovu. Kabla ya kukifunga kwenye sanduku, fungua mipangilio, tazama kama bado kinasasishwa. Kama hakisasishwi, kiache kiwe cha kutazamia picha za harusi tu. Na akija kupata kizuri, kaa naye nusu saa umwoneshe.

Mimi na bibi tulikwenda Maktaba ya Wembley, ndani ya Brent Civic Centre. Kompyuta ya pale ikafungua mara moja, jina lake likatokea. Kompyuta ilipouliza ihifadhi nywila, tukakataa, na tulipomaliza tukatoka kwenye akaunti. Njiani akacheka: "Miezi miwili silali, kumbe mgonjwa tableti!"

Miezi miwili, wazazi wenzangu. Nusu saa ya mjukuu ingetosha.