Kilo Zangu Zisomwe Kimya, Tafadhali

Wadau, juzi uwanja wa ndege wa Manda, shangazi yangu aliulizwa kilo zake kwa sauti mbele ya foleni nzima. Watu wakacheka. Akajibu, lakini safari yote alikaa amejikunyata, mikono kifuani, asije akamgusa jirani.

Tuelewane. Ndege ndogo kama Cessna Caravan lazima uzito ujulikane, rubani apange watu na mizigo isilemee upande mmoja. Hapo sina neno. Lakini si mizani ipo? Mtu apande, namba isomwe kimya, basi.

Na wewe wa kiti cha pili, najua umelipa nauli kamili. Mimi pia nishabanwa hadi bega likafa ganzi. Ila upana wa kile kiti hakuupima shangazi. Kawalalamikie waliokipima, usimsonye mtu.

Kinachoniuma, nusu saa kabla tulikuwa kwenye boti tukivuka kutoka Amu. Nahodha naye alitupanga kwa uzito: "Mama, njoo ukae hapa kati. Wewe kijana, sogea mbele." Hakuna aliyecheka. Shangazi alikaa pale kati, miguu kainyoosha, akipiga soga na nahodha mpaka gatini.