Antena juu ya paa, swichi mkononi mwa nani?

Vijana wenzetu wa Hewa Bora na wa Lubumbashi yote,

Maisha ya mega tunayajua. Unanunua asubuhi kwenye kabini, jioni zimekwisha, na kazi ya masomo ingali kwenye simu. Ndiyo maana mwezi wa tano 2025, ARPTC ilipotangaza kwamba Starlink imepewa ruhusa ya kufanya kazi nchini mwetu, wengi tulifurahi. Haikuwa furaha ya bure. Satelaiti za zamani za mawasiliano zinakaa mbali sana, karibu kilomita 36,000. Hizi zinapita kwenye kilomita 550 hivi, kwa maelfu, na ujumbe unaenda na kurudi mbio. Hata kule Mitwaba, kwenye kijiji kisicho na mnara, inaweza kushika.

Lakini Machi 2024 ARPTC ileile ilikuwa imekataza chombo hichohicho, ikitaja usalama. Basi nini kilibadilika? Na nani ana haki ya kuizima?

Hili la kuzima si ndoto. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, karibu siku 20. Kampuni inayofanya kazi kwa ruhusa ya Leta inaweza kupewa amri ileile, hata kama vyombo vyake viko angani. Anayefikiri kwamba antena juu ya nyumba ni uhuru, angoje kidogo.

Kwetu Katanga mikataba ya anga si mambo ya leo. Miaka ya 1970 Mobutu aliwapa Wajerumani wa OTRAG karibu kilomita za mraba 100,000, hadi mwaka 2000, watengeneze roketi za bei ndogo za kubeba satelaiti. Ya tatu ilianguka mbele ya macho yake, Juni 1978. Mwaka uliofuata walifukuzwa, na hakuna satelaiti hata moja iliyotoka pale. (Wazee waulizwe, wanakumbuka.)

Tunachodai ni kidogo. Masharti ya ruhusa yabandikwe hadharani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia. Bei isemwe kwa franga, si paka kwa dola, maana bila hivyo itabaki kitu cha migodi na cha wakubwa. Na kukata intaneti kusiwe kwa simu ya mkubwa mmoja: jaji aandike, sababu ijulikane, siku zihesabiwe. RAM iliyokula initi zetu tangu 2020 iliondolewa 2022 kwa sababu raia walipiga kelele.

Barua kwa wabunge wetu tunaiandika sasa. Waliosoma sheria, tunawahitaji.