Baridi Itokanayo na Moto

Watu wengi hudhani kwamba baridi hutoka katika umeme, na umeme ukikosekana hapana la kufanya. Kwa maoni yangu dhana hiyo yatupotosha, hasa sisi tukaao chini ya Kilimanjaro, ambako mkulima asiye na ghala la baridi hulazimika kuuza maparachichi yake upesi, kwa bei yoyote atakayopewa.

Na tuutazame mlima wetu. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Juu ya Kibo, mita 5,895, huchemka kwa digrii 80 hivi, kwa sababu mkandamizo wa hewa ni mdogo. Basi ukiupunguza mkandamizo ndani ya chombo kilichofungwa hata ubaki chini ya sehemu moja ya mia, maji huchemka kwa digrii 5 tu! Nayo yachemkapo hunyonya joto la kila kitu kilicho karibu. Hiyo ndiyo baridi.

Mvuke wake hunywewa na maji yenye chumvi iitwayo lithiamu bromaidi. Chumvi ikishashiba hupashwa moto wa digrii 80 au 90. Mvuke hutoka, hupozwa ukawa maji tena, na kazi huanza upya. Umeme utakiwao ni kidogo, wa kuendeshea pampu.

Je, joto hilo tunalo? Tunalo. Liko jua la tambarare, iko gesi ya samadi. Kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme.

Wako watakaosema kwamba mashine hizi ni ghali, tena maji hayawezi kutengeneza barafu. Ni kweli, lakini maparachichi na mboga havihitaji barafu. Wala jambo lenyewe si geni. Friji za mafuta ya taa, zilizotokana na uvumbuzi wa Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, hutumia amonia kwa njia iliyo karibu na hii, nazo zimetunza chanjo katika zahanati nyingi zisizo na umeme.

Kwa hiyo nashauri vyama vyetu vya ushirika vijenge ghala moja la majaribio, nasi wanafunzi wa fizikia tujifunze kulihudumia. Moto tunao, maji tunayo. Kilichobaki ni elimu na nia.